KARANTINI NA DAFTARI LA DENI
Sheria za afya na wachuuzi wetu wadogo, kutoka Sham ya Sayyidna Umar hadi Biliqo

 

Ugonjwa wa kuambukiza unapoingia nchini, serikali yoyote yenye akili huzuia watu kukusanyika. Soko hufungwa, safari husimamishwa, hoteli huambiwa zizime jiko. Hilo hatuna ubishi nalo, kwani kinga ni bora kuliko tiba. Lakini kuna swali ambalo huwa halisikiki kwenye matangazo ya redio: je, gharama ya kule kufunga hulipwa na nani? Mwenye mshahara hukaa nyumbani na mshahara wake. Mama wa kibanda cha chai, mwenye bucha, kijana wa bodaboda na muuza maziwa hukaa nyumbani na njaa.

Katika makala haya tutalitazama swali hilo kwa macho ya historia, na tutasimama mahali pamoja: Biliqo, katika wadi ya Chari, Merti, Kaunti ya Isiolo. Hii ni nchi ya Waso, ukanda wa mto Ewaso Nyiro, makazi ya ndugu zetu Waborana ambao mali yao ni ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Tumeichagua kwa sababu watu wa huku wameijua karantini muda mrefu kabla ya Corona. Wengi wetu tulijifunza neno hilo mwaka 2020, lakini mfugaji wa Isiolo alirithi neno hilo kutoka kwa babu yake.

SAYYIDNA UMAR NA MABONDE MAWILI

Tuanze mbali kidogo. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), tauni ilizuka nchi ya Sham. Wanahistoria huiita tauni ya Amwas, na huiweka mwaka wa 18 Hijria, karibu na mwaka 639 Miladia. Umar alikuwa njiani kuelekea huko, akafika mahali paitwapo Sargh, akapata habari. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina akawauliza, akawaita Ansari, kisha akawaita wazee wa Kikureishi. Mwishowe akaamua kurudi Madina na watu wake.

Abu Ubayda (r.a.) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwa mfano ambao mtu wa Biliqo angeuelewa bila mkalimani: ukiwa na ngamia wako, ukateremka bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, popote utakapowalisha ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Ndipo Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaja na mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliye ndani asitoke kuikimbia. Iko pia hadithi inayomkataza mwenye ngamia wagonjwa asiwachanganye na ngamia wazima wa mwenzake. Kwa hiyo kutenga wagonjwa ni jambo la kale katika dini yetu, tena kwa watu na kwa mifugo.

Lakini wengi huishia hapo, na nusu ya pili ya hadithi hawaisemi. Miaka hiyo hiyo Arabuni kulikuwa na ukame mkali ulioitwa Mwaka wa Majivu. Umar aliwaandikia magavana wake walete chakula Madina, na yeye mwenyewe akajinyima samli na nyama hadi watu wapate. Na jambo kubwa kwa mada yetu ni hili: aliahirisha kukusanya zaka ya mifugo mwaka ule, akangoja mvua irudi na watu wapumue. Yaani mkono uliotoa amri ndio huo huo uliolegeza mzigo. Tushike kipimo hicho, tuende nacho kaskazini mwa Kenya.

SOTOKA, NA KARANTINI YA MKOLONI

Mwaka 1887 ugonjwa wa sotoka uliingia Pembe ya Afrika, na katika miaka michache ukafagia ng'ombe kutoka Ethiopia hadi kusini mwa bara. Inakadiriwa kwamba sehemu nyingine zilipoteza ng'ombe tisa katika kila kumi. Wafugaji wa Kiborana, wa pande zote za mpaka wa leo, walikuwa katikati ya njia yake.

Mwingereza alipoweka utawala wake, aliufanya mkoa huu wilaya ya kufungwa. Sheria ya Wilaya za Nje ya 1902 ilimpa nguvu ya kuzuia watu kuingia na kutoka bila kibali. Juu ya hiyo ikaja karantini ya mifugo. Ng'ombe wa kaskazini aliyetakiwa kwenda kusini alipaswa kupitia kituo cha karantini cha Isiolo, akae, apimwe na kuchanjwa dhidi ya homa ya mapafu. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, hatukatai. Ila wanahistoria wameonyesha kwamba karantini zile zilikinga vitu viwili kwa pamoja: mifugo ya walowezi, na bei ya mifugo ya walowezi. Mnyama wa mfugaji Mwafrika akichelewa sokoni, wa mlowezi hakosi mnunuzi.

Na gharama ya kungoja ilikuwa ya nani? Ya mwenye mnyama. Siku za kituoni ni malisho, ni maji, ni mchungaji wa kulipwa, ni mnyama kukonda au kufa. Basi ndiyo maana njia za panya zilipata wateja. Mtu akifungiwa mlango wa mbele bila kuachiwa dirisha, atapita nyuma, na ugonjwa utapita naye.

Baada ya uhuru mambo yalizidi kuwa machungu. Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, watu wa Isiolo walikusanywa kambini, kukiwemo Merti na Garba Tula, na mifugo mingi ikapotea. Hali ya hatari kaskazini ilifutwa mwaka 1991 tu. Kwa hiyo mzee wa Waso akisikia neno kafyu, masikio yake husikia mambo mengi kuliko yale anayoyasikia mtu wa Nairobi. Anayetaka kumsomea sheria ya afya lazima ajue hilo kwanza.

Hata hivyo, sotoka yenyewe inatufundisha upande wa pili. Ugonjwa ule umeisha duniani. Visa vya mwisho kuthibitishwa vilikuwa vya nyati katika Mbuga ya Meru mwaka 2001, hapa hapa jirani na Isiolo, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa huru. Katika nchi za wafugaji, kazi ile haikumalizwa na amri za kufunga peke yake. Ilipatikana chanjo inayostahimili joto, na vijana wa jamii za wafugaji wakafunzwa kuchanja mifugo ya wazazi wao huko huko malishoni. Mwenye ng'ombe alipofanywa mshirika, ugonjwa uliondoka.

DESEMBA 2006: BUCHA ZAFUNGWA

Mwishoni mwa 2006 mvua kubwa ilinyesha kaskazini mashariki, mbu wakazaana, na Homa ya Bonde la Ufa ikalipuka. Ugonjwa huu ulitambuliwa mara ya kwanza hapa Kenya, karibu na Naivasha, mwaka 1930 na 1931. Unaua kondoo na mbuzi, hutupa mimba za mifugo, na humwingia binadamu kwa kuumwa na mbu au kwa kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Hadi Machi 2007, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 nchini, na 155 kati yao walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Uchinjaji ulipigwa marufuku katika maeneo yaliyoathirika na masoko ya mifugo yakafungwa, tena wakati wa Iddi ya kuchinja. Watafiti Karl Rich na Francis Wanyoike, katika utafiti wao wa 2010, walikadiria hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 2.1 kwa uchumi wa Kenya. Na walitukumbusha jambo tunalolisahau: hasara haikuishia kwa mfugaji. Mfanyabiashara wa mifugo, mchinjaji, mwenye bucha, hata mpakiaji wa lori, wote walikosa kazi.

Hapa ndipo elimu ya afya na riziki zinapokutana. Bucha yenye mkaguzi ikifungwa, hamu ya nyama haifungwi. Mtu atachinja vichakani, bila ukaguzi, bila glavu, mikono yote damu. Kwa ugonjwa unaoambukizwa kwa damu, hiyo ni hatari zaidi ya bucha iliyo wazi na inayokaguliwa.

RAMADHANI YA KAFYU

Sasa tufike 2020. Mwaka ulianza vibaya: nzige wa jangwani waliingia Kenya mwisho wa Desemba 2019, na Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizovamiwa. Machi 13 serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa Corona. Machi 27 kafyu ikaanza, saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Aprili 6 watu wakakatazwa kuingia na kutoka Nairobi, ingawa magari ya mizigo na vyakula yaliruhusiwa. Misikiti ilikuwa imefungwa, na Ramadhani ya 1441 ilipoingia mwishoni mwa Aprili, tarawehe tuliswali majumbani.

Biliqo hakuna aliyeifungia barabara kwa jina. Lakini hebu tufuate safari ya mbuzi mmoja. Mfugaji humuuza kwenye soko kama la Merti. Mchuuzi humpakia lori hadi mji wa Isiolo, au mpaka Nairobi kwenye machinjio ya Kiamaiko, ambako Waborana wengi wanafanya kazi. Pesa zikirudi nyuma ndizo hununua unga, sukari, majani ya chai na karo ya shule. Katika kaunti nyingi za kaskazini masoko ya mifugo yalifungwa miezi ile. Lori liliruhusiwa, lakini soko la kulijaza halikuwepo!

Na hapa ndipo linaingia daftari. Duka la kijijini katika nchi ya wafugaji haliendeshwi kwa pesa taslimu tu. Mfugaji huchukua unga leo, jina lake likaandikwa, akalipa siku atakapouza mbuzi. Mwenye duka naye amechukua bidhaa kwa mkopo kwa tajiri wa jumla mjini. Soko la mifugo likifungwa, kurasa za daftari hujaa na droo hubaki tupu. Mwenye duka akikataa kukopesha, majirani zake watalala njaa. Akikubali, duka linakufa taratibu. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, sawa, lakini atalipa na nini aliyefungiwa soko?

Tutazame na akina mama wa maziwa ya ngamia wa Isiolo. Kwa miaka mingi maziwa yao yamekuwa yakisafiri kwa mabasi ya abiria hadi Eastleigh. Mabasi ya Nairobi yaliposimama, aliyetuma jerikani kwa basi alibidi atafute gari la mizigo au auze karibu kwa bei ya hasara. Kisha Mei 6, katikati ya Ramadhani, Eastleigh yenyewe ikafungwa kwa pamoja na Mji wa Kale wa Mombasa, hoteli na masoko yake yakiwemo. Ule ndio msimu ambao muuza sambusa, tambi na maziwa hungoja mwaka mzima.

Mfano mmoja watosha kuonyesha vile sheria nzuri inaweza kumkosa mtu. Mwishoni mwa Aprili hoteli ziliruhusiwa kufunguliwa kwa masharti, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 10 jioni. Kwa wengine hiyo ilikuwa nafuu. Kwa mwenye hoteli ya Kiislamu ndani ya Ramadhani ilikuwa sawa na kuambiwa: fungua wakati wateja wamefunga, funga wakati wateja wanafungua. Siamini kama kulikuwa na ubaya wa nia. Ni kwamba aliyeandika saa zile hakumuuliza mpishi wa futari.

Corona ikiwa bado ipo, Homa ya Bonde la Ufa ikarudi Isiolo yenyewe. Hadi Februari 4, 2021 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeripoti wagonjwa 32 na vifo 11 katika kaunti za Isiolo na Mandera. Kafyu ya Corona ilikuja kuondolewa Oktoba 20, 2021, lakini wakati huo ukame mrefu ulikuwa umeshaanza kula mifugo. Kwa mwenye duka la kijijini, pigo moja halikumngoja mwenzake.

MSAADA ULIOFIKA NA ULIOPITA JUU

Serikali haikukaa kimya, na haki isemwe. Kodi ya VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Kodi ya mauzo ya biashara ndogo ikashushwa kutoka asilimia 3 hadi 1. Kuwaorodhesha wanaochelewa kulipa mikopo kukasimamishwa kwa muda. Desemba 2020 ukazinduliwa mpango wa kudhamini mikopo ya biashara ndogo na za kati kupitia mabenki.

Sasa zipime hatua hizo kwa kibanda cha chai cha Biliqo. Kodi ya mauzo iliwahusu wenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 1 kwa mwaka, na mama wa chai hafiki huko. Mkopo wa benki unahitaji akaunti, hesabu zilizoandikwa na usajili, na wengi wetu tunakwepa riba juu ya hayo. Deni lake yeye halikuwa la benki, lilikuwa la tajiri wa jumla. Msaada ulipita juu kama ndege ya abiria, unauona lakini haukuchukui. Uliomfikia zaidi ni ule mdogo: ada ya kutuma pesa kwa simu, kiasi kisichozidi shilingi 1,000, iliondolewa kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka ule. Kwa nini huo ulifika? Kwa sababu ulipita kwenye njia ambayo yeye hupita kila siku, na haukumdai karatasi.

Adhabu lakini ilimfikia bila kupotea njia. Kukosa barakoa kuliweza kukugharimu faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi 6. Hiyo faini ni mbuzi kadhaa.

TUFANYE NINI, VIJANA?

Magonjwa yatarudi, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi. Mvua kubwa zitarudi na mbu wake. Kwa hivyo mafunzo tuyakusanye sasa, wakati wa afya.

Kwanza, mashauriano. Umar aliita makundi matatu kabla ya kuamua. Kamati ya afya ya kaunti au ya wadi ikikaa, awepo mtu wa soko la mifugo, mwenye bucha na mama wa maziwa. Vijana mliosoma, kazi yenu ni kudai viti hivyo, na kuwafasiria wazee sheria kwa Kiborana na Kiswahili chepesi.

Pili, kupunguza kabla ya kufunga. Kwa ugonjwa wa pumzi, soko la mifugo ni uwanja wa wazi: laweza kugawanywa kwa siku, mbuzi leo na ng'ombe kesho, wauzaji na wanunuzi tu bila watazamaji, maji na sabuni mlangoni. Kwa ugonjwa wa damu ya mifugo, hapo kufunga hakuepukiki, lakini mchinjaji apewe habari mapema na afunzwe kujikinga, asije akahamia vichakani.

Tatu, usajili na umoja. Kikundi cha wachuuzi kumi chenye cheti, akaunti na daftari safi kitaonekana pale ambapo mchuuzi mmoja haonekani. Kujaza fomu ni kazi ya siku moja kwa kijana wa sekondari. Mfanyie mama yako.

Nne, tufufue ya kwetu. Waborana wana busa gonofa, utaratibu wa ukoo kuchangia mifugo kumwinua aliyepoteza, na wana dabare, kumwazima mwenzako mnyama wa maziwa. Mababu walielewa kwamba aliyeanguka leo ndiye atakayekuinua kesho. Kwa nini tusimhesabu mwenye duka aliyekopesha kijiji kizima kuwa naye ameanguka?

Tano, deni na zaka. Aya ya 280 ya Sura Al-Baqara inatuelekeza kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki, na kusamehe ni bora zaidi. Hilo linamhusu mwenye duka kwa mfugaji, na linamhusu tajiri wa jumla kwa mwenye duka. Tena wenye madeni ni miongoni mwa mafungu manane yanayostahiki zaka. Waulizeni masheikh wenu masharti yake, kisha muwatazame wachuuzi wa mtaani kwenu kwa jicho hilo.

Huko Uturuki kuna desturi inayosimuliwa tangu enzi za Uthmaniya. Mwezi wa Ramadhani, mwenye uwezo huenda mtaa asiojulikana, akaingia dukani, akaomba daftari la madeni, akachagua kurasa na kuzilipa. Mdaiwa hamjui aliyemlipia, na aliyelipa hamjui aliyemsaidia. Mwenye duka anapata mtaji wake, mwenye deni anapata usingizi.

Ndugu yangu, jambo hili halihitaji kamati wala mfadhili. Kuna duka karibu na kwenu, Biliqo, Merti, Isiolo mjini au kokote unaposoma gazeti hili, ambalo lina kurasa za miaka ile ya shida hazijalipwa hadi leo. Uliza kabla mwezi haujaisha. Kama huwezi ukurasa, lipa mstari mmoja.

Mwenyezi Mungu atukinge na maradhi, aipe mvua ya kheri nchi ya Waso, na azikubali saumu zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.